Barua Iliyopiga Filimbi

Barua ilisema saa sita mchana, Ijumaa, kwa faksi. Karani aliisoma mara nne akiwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Aliitazama tarehe, akaitazama kalenda ya ukutani, akagundua kwamba Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa amesimama ndani yake.

Ilikuwa na siku kumi na moja tangu igongwe muhuri. Tisa kati ya hizo ililala ndani ya sanduku la posta la shemeji yake, mtu anayelifungua sanduku pale tu anapotarajia kitu chake mwenyewe. Za wengine zikimo, huzipeleka akikumbuka, na kukumbuka kwake ni kama mvua ya jangwani. Asubuhi hiyo alikumbuka. Aliisukuma barua chini ya mlango saa mbili na nusu, akaenda zake bila kubisha hodi, maana alijua ataulizwa.

Hospitali kubwa ya mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, ilikuwa imempa Karani kazi aliyokuwa ameiomba, ya kutunza mafaili ya wagonjwa. Kama anakubali, aandike barua ya kukubali, ifike kwa faksi kabla ya saa sita. La sivyo nafasi atapewa anayefuata kwenye orodha. Tangu kiwanda cha sabuni kilichompa jina la Karani kifungwe, mwaka na miezi miwili sasa, hakuwa na kazi, na kwenye orodha za dunia hii alikuwa amechoka kuwa anayefuata.

"Naenda posta," alisema, akitafuta kiatu cha pili chini ya kochi.

"Posta kufanya nini?" Mumewe alitoka chumba cha mbele na bisibisi nyuma ya sikio. Alikuwa mtengeneza redio. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na siku redio ilipopona kweli, Injinia. "Mtu ana kisima uani, anabeba ndoo kwenda mtoni?"

"Baba watoto, leo si siku ya majaribio."

"Nani kasema majaribio? Jana si umekisikia mwenyewe?"

Alikisikia. Nani hakukisikia? Kitu chenyewe kilikuwa modemu, kisanduku cheusi cha ukubwa wa kiatu cha mtoto, na vitaa vyekundu sita usoni. Waya mmoja uliingia kwenye kompyuta, mwingine kwenye tundu la simu ukutani. Unaandika barua kwenye kompyuta, unaitajia programu namba, kisanduku kinapiga simu chenyewe, kinaongea na mashine ya upande wa pili kwa lugha yao ya mluzi, na barua inatokea kule kwenye karatasi. Ndivyo kitabu chake kilivyoahidi. Jana yake jioni Fundi alikijaribu kwa mara ya kwanza, kikapiga ukelele wa kufungua kaburi. Kuku wa jirani muuza mkaa walipanda juu ya paa, na yupo mmoja, wanasema, ambaye hajashuka mpaka leo.

Mama yake Fundi, ambaye kila mtu alimwita Bibi, aliweka sahani yake chini. "Mwanangu," alisema, "kama umetuletea jini, mpe nauli arudi kwao." Hakula tena mpaka mwanawe alipofungua kitabu, akaandika amri fulani ya herufi mbili, na kukifunga kisanduku mdomo. Tangu hapo kikawa kinafanya kazi kimya kimya kama mwizi.

"Nusu saa," Fundi alimwambia mkewe. "Nipe nusu saa tu. Ikishindikana, nakubeba mgongoni hadi posta."

Karani akaiangalia saa ya ukutani. Saa tatu kasoro dakika tano. Akavua kiatu.

Barua aliiandika yeye, kwa vidole vyote kumi, kwa dakika nne. Fundi, ambaye huandika kwa kidole kimoja kama mtu anayemchokoza mdudu aone kama amekufa, alikalia kiti, akaingiza namba ya hospitali, akabonyeza. Vitaa viwili vikawaka. Kisha kioo kikaandika kitu kwa lugha ya kigeni.

"Kinasemaje?"

"Kinasema hakuna mlio wa laini."

Karani akanyanyua mkono wa simu, akasikiliza. "Upo."

"Najua upo. Ila si mlio kinaoutaka." Simu za mtaa ule zilinguruma kama mzee mwenye kikohozi, na kule kisanduku kilikotengenezwa, laini huimba. Fundi alipekua kitabu kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka akapata amri ya kukiambia: usisubiri mlio, piga tu. Hiyo ilikula dakika ishirini.

Kikapiga. Hakuna kilichotokea. Kikapiga tena, hakuna. Fundi aliinamisha sikio kwenye kisanduku chenye mdomo uliofungwa, kana kwamba kingemnong'oneza. Alimaliza robo saa nyingine kabla ya kukumbuka kwamba simu yao ni ya kuzungusha kidole, na mitambo ya simu ya mji ule, iliyowekwa wakati babu yake ana meno, huelewa tiki tiki tu. Kisanduku kilikuwa kinapiga namba kwa milio ya kinanda. Dawa yake ilikuwa kubadili herufi moja kwenye amri. Aliipata mwisho wa kitabu, kwenye ukurasa uliogandana na uji.

Muuza mkaa alikuwa ameshaegemea dirisha kwa nje, mikono myeusi juu ya kizingiti. "Injinia! Barua imefika, au bado inapanda mlima?"

"Jirani, nenda kauze."

"Nauza nini na wateja wote wako hapa wanatazama?" Kweli nyuma yake walikuwapo watu wanne. "Shemeji Karani, mimi ningekuwa wewe ningeifunga shingoni mwa njiwa."

Karani hakucheka. Alikuwa akizungusha pete kidoleni, anaivua hadi kwenye kifundo, anairudisha.

Zikafuata tiki tiki, kweli, na kengele ya simu ya mezani ikawa inaitikia ting, ting, ting kwa kila tarakimu. Fundi akapiga kofi la furaha. Hapo hapo kipanya cha kompyuta kikafa. Mshale ulisimama katikati ya kioo, hata ukikisukuma kipanya hadi ukingoni mwa meza.

"Wanagombania mlango mmoja," Fundi alisema, jasho likimtiririka. "Modemu ikiingia, kipanya kinafukuzwa."

"Sasa?"

"Sasa natumia vitufe. Tulia."

"Nimetulia. Saa nne na dakika kumi, nimetulia."

"Nusu saa uliyoniomba imezaa mapacha," Karani aliongeza, akavaa viatu, vyote viwili.

Fundi alitaka kusema neno. Lakini wakati huo kioo kiliandika kwamba simu imepokelewa, na akasahau kwamba ana mke. "Imepokewa! Kule wamepokea! Inasubiri faksi ijibu... inasubiri..." Vitaa vikacheza. Kisha vikazimika. Imekatika. Programu, kwa adabu yake ya mashine, ikasema itajaribu tena baada ya dakika tatu, na kwamba iko tayari kujaribu hadi zitimie mara kumi na mbili.

"Iache ijaribu," Fundi alisema. "Hii haichoki kama sisi."

Alipogeuka, mlango ulikuwa wazi na Karani hayupo.

Posta ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Karani aliutembea kwa dakika ishirini, barua aliyoiandika tena kwa mkono ikiwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya blauzi. Foleni ilikuwa ya watu tisa. Alijaribu kumwendea karani wa dirishani kwa pembeni.

"Dada, samahani, mimi nina faksi tu ya haraka..."

"Mama, foleni," akasema mwanamume wa mbele.

"Na sisi tumekuja kuotea jua?" akasema mwingine.

Akarudi nyuma. Zamu yake ilipofika, karani wa posta alimwonyesha kwa kidevu kabati la vioo nyuma yake. Mashine ya faksi ilikuwa ndani, nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama birika la wageni. Kwenye kabati kulikuwa na kufuli.

"Ufunguo anao meneja. Meneja yuko mazikoni."

"Atarudi saa ngapi?"

"Mazikoni mtu hupangiwa saa?"

"Dada yangu, ni kazi. Wanatoa mwisho saa sita. Hakuna namna nyingine?"

Karani wa posta alimtazama, na kwa muda mfupi ilionekana kama anaona huruma. "Mashine ipo, mama," alisema. "Si unaiona hiyo? Kuiona ni bure. Rudi Jumatatu. Anayefuata!"

Njiani kurudi, Karani hakumsalimia mtu. Mshona viatu wa kona alimwita mara mbili. Alipita akiwa anahesabu tarakimu za namba ya hospitali kwa midomo, kama mtu anayesoma dua.

Alimkuta mumewe kwenye kiti kile kile. Kwenye kioo kulikuwa na mistari kumi na miwili, mmoja chini ya mwingine, yote imeandikwa neno moja: imekatika. Watazamaji wa dirishani waliongezeka, na muuza mkaa alikuwa ameletewa kiti.

"Mara zote kumi na mbili," Fundi alisema bila kugeuka. "Wanapokea, wanakata. Wanapokea, wanakata. Nimebadili kasi, nimepunguza hadi ya chini kabisa. Nimekagua waya. Posta vipi?"

"Imefungiwa kabatini."

Ilikuwa saa tano na robo. Karani alifunga dirisha. Alilifunga mbele ya uso wa muuza mkaa, taratibu, na akageuka.

"Nataka nikuulize kitu, nawe unijibu kama mtu mzima. Imeshindikana, au hutaki iende?"

Fundi akazunguka na kiti. Kitabu cha modemu kilikuwa wazi mapajani mwake.

"Swali gani hilo?"

"Juzi, hata barua haijafika, uliniuliza mara tatu ule mji uko umbali gani. Jana ukaniuliza nani atakuwa anawapa watoto dawa ya minyoo. Asubuhi hii nilikuwa na kiatu mguuni, baba watoto. Ningekuwa posta kabla meneja hajaenda kuzika mtu."

Fundi alikuwa na majibu mengi mazuri. Mojawapo lilikuwa kwamba yeye ni Fundi na kitu kikikataa hukaa nacho mpaka kikubali, na lilikuwa la kweli. Lakini alimtazama mkewe, vumbi la barabara likiwa limempanda hadi magotini, na akaona kwamba hataweza kulisema lote bila kukutana nusu njia na lile jibu jingine.

"Sijui," alisema.

Karani alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji kamili. "Haya. Kama hujui, washa sauti."

"Mama alikataza..."

"Mama!" Karani aliita. Bibi, aliyekuwa chumbani akisikiliza kila neno, alijitokeza upesi mno kwa mwanamke wa miaka sabini na tatu. "Mama, naomba ruhusa jini apige kelele dakika moja. Kisha tutamtoa."

Bibi akakunja kanga mabegani, akakaa kwenye stuli. "Apige. Nimeshashiba leo."

Fundi akaifuta ile amri ya herufi mbili, akaingiza namba. Akabonyeza. Kisanduku kikafunguka mdomo. Waliisikia mitambo ikikohoa, tiki tiki, kisha mlio wa simu ikiita mahali pa mbali, mara mbili. Kisha, badala ya mluzi, ikatoka sauti ya mwanamke.

"Hallo? Hallo, hospitali." Kimya. Kisanduku kikaanza kupiga mbinja. "Ni wewe tena mwenye filimbi! Sikiliza wewe, mara ya kumi na tatu hii! Mimi nina watoto wanne na shinikizo la damu, kazi yangu hapa si kupulizwa sikio! Kama una shida na mimi njoo uso kwa uso! Shetani mkubwa!" Pa! Akakata.

Nje ya dirisha lililofungwa, mtu alicheka, akazibwa mdomo.

Karani aliinyakua barua. Chini ya jina la hospitali paliandikwa Simu, pakapigwa mstari mdogo wa mlalo, pakaandikwa Faksi, na mbele yake namba moja tu. Walikuwa na laini moja kwa mambo yote mawili. Simu inapoita, katibu huipokea. Anayetaka faksi huomba, naye hubonyeza kitufe, ndipo mashine yake inaanza kupiga mluzi. Nusu ya ofisi za nchi zilifanya hivyo. Fundi mwenyewe alilijua hilo siku zote. Lakini kisanduku chake hakina mdomo wa kuomba, na kile kidogo kilichokuwa nacho walikuwa wamekifunga ili mama apate kula.

"Hebu nielewe," Bibi akasema polepole. "Tangu asubuhi mnampigia mtu. Anawaitikia. Hamumsalimii. Mnampulizia filimbi ya sikio. Mara kumi na tatu."

"Mama, sikujua ni mtu."

"Ungejua ungefanyaje? Huyo hata mimi ningemtukana. Ningeanza mara ya pili, nisingengoja ya kumi na tatu."

Karani alikuwa ameshashika simu, kidole kwenye tundu la tarakimu ya kwanza. Ikaita. Ikapokewa kwa pumzi za hasira, bila hallo.

"Dada samahani sana, naomba mlio wa faksi..."

"Ahaa! Kumbe ni mwanamke!" Pa!

Akapiga tena. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Katibu alikuwa ameuweka mkono wa simu pembeni, juu ya meza, apumzishe sikio lake. Saa tano na nusu. Karani akazungusha tarakimu zote tisa, inatumika. Ncha ya kidole chake ilikuwa imekuwa nyekundu. Fundi akaipokea zamu bila kuambiwa, akazungusha yeye. Saa tano na dakika thelathini na saba. Walikuwa wakipokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

Saa tano na dakika arobaini na mbili, iliita.

"Leteni," akasema Bibi, na kabla mtu hajamwelewa akawa ameuchukua mkono wa simu.

"Hallo?" ilisema sauti, tayari kwa vita.

"Hodi, mwanangu," alisema Bibi.

Sauti ikashuka. "Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umeamkaje leo?"

"Nimeamka salama, mama."

"Na watoto? Wote wanne?"

Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, kidole juu ya kitufe. Karani aliiuma leso. Mkono wa dakika wa saa ya ukutani uliruka, wakausikia ukiruka.

"Wazima, mama. Wa mwisho ana mafua."

"Pole sana. Mkande mgongo. Na hilo shinikizo la damu?"

"Mama, unanijua? Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama yake yule mwenye filimbi."

Karani alifumba macho.

"Usikate, mwanangu. Nimekuja kumwombea radhi. Mwanangu ni mjinga, nimemzaa mwenyewe, najua. Alidhani anapigia mashine. Hakujua kuna mtu pale. Mimi ningekuwa karibu ningekuja na miguu yangu."

Ikasikika pua ikivutwa. "Mama, unajua tangu nimeingia ofisini leo? Mkuu ameniambia barua zangu zina makosa. Madaktari wanapita, hakuna hata mmoja aliyesema habari za asubuhi. Halafu ndiyo inaanza filimbi. Nikadhani kuna mtu amenitumia."

"Hakuna aliyekutumia. Ni ujinga tu. Mumeo yupo?"

"Mama," alinong'ona Fundi, "mama, saa sita kasoro dakika kumi na mbili."

Bibi alimpungia mkono kama mtu anayefukuza kuku. Alisikiliza habari ya mume, akasema aisee, akasema Mungu yupo. Ndipo akasema, "Sasa mwanangu, nina mkwe wangu hapa, mke wa huyu huyu mjinga. Mmempa kazi hapo kwenu, kwenye mafaili. Barua yake ndiyo iliyokuwa inapiga filimbi. Akiikosa kazi, nitakula nini mimi? Nitakula redio?"

Sauti ikacheka, cheko la mtu aliyekuwa analia. "Kumbe ndiye yule! Jina lake liko mbele yangu hapa. Haya mama, nabonyeza. Mwambie mjinga ajiandae."

Mbinja ikatoka kwenye simu, safi, ndefu, mashine ikiita mwenzake. Sasa ilibaki Fundi kubonyeza kitufe, kisanduku kishike laini, na Bibi aweke simu chini.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilikaa pale. Kwa mtu mwingine ilikuwa nukta moja tu, lakini Karani alimwona mumewe akitazama kidole chake mwenyewe kama mtu anayetazama mlango. Alimwacha.

Akabonyeza.

"Mama, weka simu!"

"Sijamuaga!"

"Ameshakwenda, mama! Hiyo sasa ni mashine!"

"Haya, kwaheri nawe," Bibi akaiambia mashine, akaweka simu.

Kisanduku kilipiga kelele zake zote. Muuza mkaa alishangilia nje. Kwenye kioo mstari wa kijani ulijivuta kama konokono, robo, nusu, ukasimama, kila mtu akasimama nao, ukaendelea. Imetumwa. Ukurasa mmoja. Saa sita kasoro dakika nane.

Karani alikaa sakafuni pale pale, miguu mbele, kama mtoto.

Simu ikalia. Waliruka wote watatu. Aliyefika kwanza ni Karani.

"Dada," alisema katibu, "imefika, na namba yenu nimeiona juu yake. Inasomeka vizuri, hongera. Ila haina sahihi."

"Haina...?"

"Chini pana jina lako tu kwa chapa. Mkuu wa utumishi anapita saa sita kamili, anachukua trei hii, anaingia nayo kwenye kikao. Isiyo na sahihi haisomi. Nimemwona akizichana."

Karani alimtazama mumewe. Fundi alitazama kompyuta, kisha kisanduku, kisha mikono yake. Barua iliyozaliwa ndani ya kioo haina pa kuwekea kalamu. Kitabu chote hakikuwa na amri ya hilo.

"Basi," alisema Karani. Sauti yake ilikuwa tulivu ajabu. "Basi, dada. Ahsante kwa kujaribu."

"Basi nini? Nani amesema basi? Nimemwambia mama yako nitamsaidia, nami sitaki anipigie tena kuniuliza." Alishusha sauti. "Kalamu ninayo. Nieleze sahihi yako ikoje."

"Nikueleze?"

"Haraka, dada! Inaanzaje?"

Karani akafungua mdomo. Alikuwa ameiandika sahihi hiyo mara elfu, kwenye stakabadhi za sabuni, kwenye vitabu vya mahudhurio. Mkono uliijua. Mdomo haukuwahi kuulizwa. "Inaanza... kuna kama ndoano. Kisha inapanda... hapana, inashuka... Sijui! Mungu wangu, sijui sahihi yangu!"

Mkono wa simu ulichukuliwa taratibu kutoka kwake.

"Shemeji," alisema Fundi, "mimi ndiye mjinga. Andika. Anza na ndoano iliyolala, mdomo unatazama juu. Umeipata? Toka hapo bila kunyanyua kalamu, piga mawimbi matatu, la kwanza refu kama antena, mawili mafupi. La tatu lisifike kwenye mstari. Ndiyo, linaning'inia, huwa halimalizi, ana haraka. Sasa rudi nyuma kwa chini, kata mawimbi yote katikati, utoke kushoto na mkia. Mkia mrefu. Halafu nukta mbili chini yake. Hapana, si moja. Mbili. Huwa anagonga mara mbili, kama anabisha."

Karani alimtazama mgongo. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akiacha sahihi hiyo kwenye ripoti za shule za watoto, mahali ambapo mzazi mmoja tu ndiye anayetakiwa kusaini, na hakuwahi kujua kama kuna mtu aliyekuwa anaiangalia.

"Mkuu anakuja," ikanong'ona simu. Zikasikika hatua, mlango, sauti nzito ya mwanamume ikiuliza kama kuna nyingine. "Kuna hii moja, mzee," alisema katibu. Karatasi zikapigwa mezani zilingane. Hatua zikaondoka.

Kisha katibu akarudi. "Ameichukua. Dada yangu aje Jumatatu saa mbili, na vyeti." Akakata kabla hawajashukuru, maana alikuwa na simu nyingine.

Fundi aliweka simu. Saa ya ukutani ikagonga sita, mara moja ikagonga ya saba kwa ujinga wake.

"Basi la Jumapili linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," alisema Fundi mwishowe. "Nitakubebea begi."

Jumatatu, kwenye kaunta ya utumishi, Karani alikuta daftari la kuripotia na mkuu mwenye miwani amelifungua faili lake pembeni, tayari kulinganisha. Katibu, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha maua, alisimama nyuma ya mkuu. Aliinua kidole na kuchora hewani, polepole, kama anayefukuza nzi: ndoano, mawimbi matatu, kurudi nyuma, mkia. Mkia ulitoka kulia.

Karani akachora kama alivyoona. Mkuu alitazama faili, akatazama daftari, akapiga muhuri.

Amesaini hivyo tangu siku hiyo, kwenye kila faili la kila mgonjwa, na kwenye barua anazoandika nyumbani kila wiki mbili. Zikifika, Bibi hutaka asomewe kuanzia salamu. Fundi huigeuza kwanza karatasi, anaangalia chini, na kila mara hugomba peke yake kwamba yule mwanamke hakusikiliza, yeye alisema kushoto.